MSUMENO, UBAO NA CHUNGU CHA CHUMA: MAZUNGUMZO YA WAPASUAJI MBAO WA KAKAMEGA

Mashine inapozimwa saa ya chakula cha mchana na mnyororo ukaachwa upoe, ndipo baraza la wapasuaji mbao wa Kakamega huanza. Huketi juu ya magogo wakingojea ugali uive, na mazungumzo yao, hata yakianzia mbali namna gani, aghalabu huishia katika mambo matatu: msumeno wa nani ni mkali zaidi, mbao za nani zimekauka bila kupinda, na chombo kipi chafaa kupikia. Mpita njia atokaye Khayega kwenda Shinyalu aweza kudhani ya kwamba hizo ni porojo za watu waliochoka. Lakini akitua mzigo wake akasikiliza, atatambua ya kwamba mambo hayo matatu yana shina moja, nalo ni namna ya kuutumia mti usipotee bure.

Jambo hilo si dogo katika nchi hii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kwamba Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu zaidi ya 1,860,000, na mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata mengine yamekuwa vipande vidogo mno. Mwenye ekari mbili hana nafasi ya kupanda miti mingi. Atakuwa na mikaratusi michache mpakani, labda na lusiola mmoja au wawili karibu na nyumba. Miti hiyo ndiyo akiba yake. Husimama miaka kumi na mitano au ishirini, kisha siku moja mtoto huitwa shule ya sekondari, na mti huangushwa ili karo ipatikane. Ukipasuliwa vibaya hauwezi kurudishwa shambani umee upya.

Tena, nyuma ya mashamba hayo uko Msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu ule mkubwa wa Kongo. Msitu huo uliwekewa mipaka rasmi mwaka 1933. Mwaka 1967 sehemu za Isecheno na Yala zikatengwa ziwe hifadhi ya viumbe, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, huko Buyangu, ikafanywa Hifadhi ya Taifa. Ubao unaoharibika shambani hapana budi ununuliwe mwingine mahali pake, na wako watu ambao, wakikosa mti wa kununua, huutazama msitu kwa jicho la tamaa.

KUTOKA SHIMONI HADI MNYORORO

Wazee wa sehemu hii waukumbuka msumeno wa watu wawili. Gogo liliviringishwa juu ya shimo, au likapandishwa juu ya ulingo wa miti. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo akiuongoza msumeno katika mstari uliopigwa kwa uzi uliotiwa masizi, na mwenzake alisimama chini akivuta, huku unga wa mbao ukimwangukia machoni. Aliyekuwa juu ndiye aliyehesabiwa kuwa fundi, lakini wa chini ndiye aliyelala na mgongo wa kuuma.

Mashine nazo hazikuchelewa kufika. Wamisionari wa dini ya Marafiki, waitwao Quakers, walipoingia Kaimosi mwaka 1902, waliiita kazi yao misheni ya ufundi, wakajenga hapo kiwanda cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu za maji ya mto. Vijana wa Kiluhya waliojifunza hapo walipata riziki kwa useremala na uashi. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana karibu na Kakamega, wageni wakamiminika, na machimbo yakataka miti ya kutegemeza udongo usiwaangukie wachimbaji. Miti mikubwa ya msituni, mivule na mizeituni ya mwitu, ilikatwa kwa biashara kwa miaka mingi tangu hapo.

Msumeno wa mnyororo, ambao watu wote hapa huuita pawaso, ni mgeni kuliko hayo yote. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza wa kwanza wake mwaka 1926, nao uliendeshwa kwa umeme, na mwaka 1929 akatengeneza wa petroli. Misumeno hiyo ya kwanza ilikuwa mizito, ikihitaji watu wawili, hata mwaka 1950 kampuni yake ilipotoa msumeno wa petroli uwezao kuchukuliwa na mtu mmoja. Kampuni ya Husqvarna ya Sweden ilianza kutengeneza yake mwaka 1959. Siku hizi iko pia ya bei nafuu itokayo Uchina, na ubishi juu ya ipi ni bora huweza kuchukua mchana mzima bila mtu yeyote kushindwa.

MNYORORO NA TUPA

Hata hivyo mafundi wenye busara husema ya kwamba jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine halikati mti. Kinachokata ni jino, na jino hutegemea tupa.

Hapa yafaa ielezwe habari ya mdudu. Minyororo ya zamani ilikuwa na meno yaliyosimama wima kama ya msumeno wa mkono, nayo yaliparura mti badala ya kuukata, yakawa butu upesi. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, jina lake Joseph Buford Cox, aliona buu la kombamwitu aliyekuwa akila kisiki. Buu hilo lilikata mti kwa taya zake mbili, moja kushoto na moja kulia, likipita katika nyuzi za mti na kuzikata kwa kuzikingama bila taabu. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyojikunja kwa zamu, moja kuelekea kushoto na la pili kuelekea kulia, mfano wa taya za buu lile. Mwaka uliofuata akaanza kuuuza. Minyororo inayotumika Kakamega leo ni ya ukoo huo.

Kila jino la mnyororo lina sehemu mbili. Nyuma uko ukingo mkali ukatao, na mbele yake kiko kikomo kifupi ambacho huzuia jino lisizame sana ndani ya mti. Ukingo hunolewa kwa tupa ya duara, ya milimita 4.8 kwa minyororo midogo na 5.2 au 5.5 kwa mikubwa, na kila jino hupigwa idadi sawa ya misukumo, kwa mwendo wa kwenda mbele tu. Mwenye kunoa meno ya kulia kuliko ya kushoto, kwa kuwa mkono wake wa kulia una nguvu, atashangaa msumeno wake ukienda upande kama ng'ombe aliyefungwa jembe vibaya. Kikomo nacho hushushwa kwa tupa bapa, hata kiwe chini ya ukingo kwa kiasi cha milimita 0.65. Wengi hukisahau. Meno yakiliwa na tupa mwezi baada ya mwezi na kikomo kikabaki palepale, mnyororo unaong'aa kwa ukali hautakata kitu. Na kikishushwa kupita kiasi, msumeno huuma kwa pupa na kurukaruka mikononi.

Ubishi mkubwa zaidi ni juu ya pembe. Mnyororo utokao dukani umenolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ambayo ni ya kukata gogo kwa kulikingama. Lakini mpasuaji hupasua gogo kwa urefu wake, jambo ambalo mnyororo huo haukukusudiwa. Kwa kupasua, pembe ya nyuzi 10 yatosha, nayo hutoa ubao laini na kuituliza mashine. Vijana waliokwisha jaribu hawarudi nyuma. Wazee kadha wa kadha huwajibu ya kwamba walipasua mbao za makanisa na shule kwa pembe ileile ya dukani, na paa hazijaanguka. Jibu hilo ni zuri kwa kuchekesha baraza, ila halielezi ni petroli kiasi gani iliyochomwa.

Maana hasara iko, nayo yaweza kuhesabiwa. Mnyororo hufungua njia yenye upana wa milimita 9 au karibu na hapo, na mti wote uliokuwa katika njia hiyo hugeuka unga. Msumeno mwembamba wa kiwandani waweza kufungua milimita 3 tu. Gogo lililochongwa mraba wa sentimita 40, likipasuliwa mbao za milimita 25, litatoa mbao 14 kwa msumeno mwembamba na 12 kwa mnyororo. Mbao mbili zimekwenda chini kama unga. Na hiyo ni hesabu ya mkono usiotetemeka. Anayepasua kwa macho tu, bila kiongozi, hutoa ubao ulio mnene upande huu na mwembamba upande ule, na seremala atakapoupiga randa atazidi kupoteza.

Dawa yake si ghali. Iko fremu ya chuma ifungwayo kwenye bapa lile ambalo mnyororo hulizunguka, nayo hutambaa juu ya ubao ulionyooka au ngazi iliyopigiliwa juu ya gogo, hata unene wa kila ubao ukawa mmoja. Fundi wa kuchomelea aliye stadi aweza kuitengeneza. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye makao yake Muguga, imeshughulikia sana jambo hili la kupunguza uharibifu wa mbao katika kupasua, na mkulima anayetaka kumwita mpasuaji afanya vema kumwuliza kwanza kama ana fremu kabla ya kuuliza bei.

Juu ya hatari, mabaraza haya husema machache kuliko ipasavyo. Mnyororo hukimbia kiasi cha mita 20 kwa nukta moja. Ncha ya juu ya bapa ikigusa tawi au gogo jingine, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa mwenyewe kabla hajafumba macho. Breki ya mnyororo iliwekwa kwa ajili hiyo, lakini iko misumeno ambayo breki yake ilivunjika zamani na haikutengenezwa. Wako pia wanaofanya kazi na ndara miguuni. Viatu vigumu, miwani na vizibo vya masikio kwa pamoja havifikii bei ya siku chache za kulala hospitalini, wala havilinganishwi na mguu.

Sheria nayo yataka kujulikana. Kuingia msituni na msumeno bila ruhusa ni hatia, na mbao za shambani pia huhitaji kibali zikisafirishwa. Mwezi wa Februari mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, wanunuzi waligeukia miti ya mashambani, na mikaratusi ambayo haijakomaa ikaangushwa. Mbao za miti michanga ndizo zilizo na matata makubwa katika habari inayofuata.

UBAO MBICHI

Hapa ndipo fedha nyingi za Kakamega hupotea, na hupotea kimya kimya. Mti ulioangushwa jana umejaa maji. Katika miti mingine uzito wa maji hukaribia uzito wa mti wenyewe. Mwenye mti ana haja ya karo, mpasuaji ana haja ya ujira, na mnunuzi ana nyumba isiyo na milango, basi ubao hutoka kwenye msumeno Jumatatu na Jumamosi umekwisha kuwa mlango. Miezi mitatu haipiti kabla mlango haujakataa kufunga. Mwenye nyumba humlaumu seremala, seremala humlaumu mpasuaji, na mpasuaji husema ya kwamba mkaratusi ni mti mbaya.

Mti si mbaya, bali una tabia yake. Ubao ukikauka haupungui sawasawa pande zote. Kwa urefu haupungui karibu kitu. Kwa kufuata duara za ukuaji hupungua takriban mara mbili ya vile unavyopungua kutoka kwenye moyo kuelekea gome. Kwa sababu hiyo ubao uliotolewa pembeni mwa gogo hujikunja kama bakuli, na ule uliopita karibu na moyo, duara zake zikiwa zimesimama, hutulia. Fundi ajuaye hili huupanga mti wake kabla ya kuwasha mashine, akaamua mbao zipi ni za milango na zipi ni za boriti.

Mkaratusi una jambo la zaidi. Ungali umesimama, sehemu yake ya nje huvutana na ya ndani hubanwa, kama kamba na mzigo. Siku ya kuukata, nguvu hizo hufunguliwa kwa ghafula, na ncha za gogo hupasuka mfano wa nyota. Wanaoufahamu mti huu hawaliachi gogo lake juani kwa majuma. Hupaka ncha rangi nzito au nta siku ileile ili maji yasitoke kwa pupa, hulipasua mapema, na hupasua kwa zamu, ubao mmoja upande huu na mmoja upande wa pili, ili nguvu zilizobaki ndani zipungue kwa usawa.

Kisha huja kazi ya kupanga, ambayo haina sauti wala moshi, na labda ndiyo sababu wachache huiheshimu. Huchaguliwa mahali penye upepo na pasipo na maji ya kutuama. Misingi ya mawe au matofali huinuliwa sentimita 40 au zaidi kutoka ardhini, ili mchwa na unyevu wasipande. Mbao hulazwa juu yake zikiachana kidogo, na baina ya safu na safu huwekwa fito kavu zenye unene wa milimita 25, kila baada ya sentimita 50 au 60. Fito hizo lazima zisimame wima moja juu ya nyingine kuanzia chini hadi juu. Zikipishana, ubao hubeba mzigo mahali pasipo na nguzo, nao hukauka ukiwa umepinda, na ubao uliokaukia katika kupinda haunyooki tena. Juu ya yote huwekwa mawe mazito, kisha paa la mabati, maana jua kali huumiza ubao mbichi kama mvua. Ngozi yake hukauka na kubana wakati moyo ungali mbichi, na nyufa huanza.

Kakamega ina shida yake ya pekee. Iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao zilizopangwa mwezi wa Aprili huweza kuota ukungu kabla hazijaanza kukauka, lakini zilizopangwa mwezi wa Desemba hupata miezi ya jua na upepo. Katika hewa ya huku, ubao uliotulia hubaki na maji baina ya sehemu 12 na 15 kwa mia ya uzito wake mkavu. Ubao wa inchi moja hutaka miezi kufika hapo, si majuma, na wa inchi mbili hutaka zaidi sana ya mara mbili ya muda huo. Wasio na subira hujenga kibanda cha plastiki nyeupe ipenyayo jua, wakaweka ndani mabati yaliyopakwa rangi nyeusi na matundu ya kutolea hewa yenye unyevu. Joto la kibanda hicho hufupisha muda vizuri, mradi mwenyewe ayafunge matundu siku za kwanza, ubao usije ukapasuka kwa haraka.

Namna ya kujua kama ubao umekauka ndiyo huzusha kelele kuliko yote. Mmoja huugonga kwa konzi na kusikiliza mlio wake, mwingine huuinua kwa mkono mmoja, na wa tatu huuweka shavuni kuona kama una baridi. Wote wana kiasi cha haki, lakini mizani ya duka ni kweli kuliko shavu. Kipande hukatwa katikati ya ubao, si nchani, kikapimwa. Kisha hukaushwa polepole karibu na moto au katika jiko la kuokea mikate hata kisipungue tena, kikapimwa mara ya pili. Kilichopungua hugawanywa kwa uzito wa mwisho. Mathalani, kipande kilichokuwa gramu 300 kikawa gramu 240, kimepoteza gramu 60, na 60 kwa 240 ni sehemu 25 kwa mia. Mbao hizo hazijafaa kwa mlango. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuchagua ubao mmoja katika rundo, kuupima kila Jumapili na kuandika. Uzito usipobadilika kwa majuma matatu, ubao umemaliza kusema na hewa.

Neno la karani mmoja katika baraza hizi hurudiwa sana na vijana, kwamba rundo la mbao ni mtoto wa bweni: hulipiwa gharama na halileti kitu hata amalize. Ndivyo ilivyo. Mkulima mwenye deni la karo hawezi kungoja miezi minne. Ila ndugu wawili au watatu waliopatana huweza kuuza nusu mbichi na kuipanga nusu, na nusu ile kavu aghalabu haimchoshi mtu kutafuta mnunuzi.

KUNI ZA MABANZI

Gogo lililochongwa mraba huacha mabanzi, na mabanzi huenda jikoni. Sheria ya ubao ndiyo sheria ya kuni. Ukuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuyachemsha maji yake mwenyewe kabla haujaanza kuchemsha ya sufuria, na kinachobaki ni moshi, ambao huingia vifuani mwa akina mama na watoto wachanga. Ukuni uliopasuliwa mwembamba na kuwekwa chini ya paa msimu mmoja wa kiangazi hupika kwa nusu ya kelele. Majiko ya udongo ya aina ya Upesi, yaliyoenezwa magharibi mwa Kenya tangu miaka ya mwisho ya themanini, yalitengenezwa kwa kuni namna hiyo. Ukilishindilia jiko hilo ukuni mbichi, litakupa moshi kama mafiga tu.

CHUMA CHA KUSUBU

Moto wa mabanzi makavu ni mkali, nao haupatani na sufuria nyepesi. Mpasuaji anayelala kazini ajua jinsi ugali unavyoungua katikati na kubaki mbichi pembeni. Hapo ndipo chungu cha chuma huingia katika mazungumzo, na kila aliye nacho hukisifu kama msumeno wake.

Chuma hiki si kile cha jembe. Wahunzi wa Samia, ambao majembe yao yalienea nchi hii yote na kutumika hata kwa mahari, walikitoa chuma katika mawe ya milima yao bila kukiyeyusha kabisa. Kilitoka kama bonge laini, wakakifua kwa nyundo. Chuma cha kusubu huyeyushwa kiwe kama uji, kikamiminwa katika kalibu ya mchanga. Ndani yake mna kaboni nyingi, sehemu 2 hadi 4 kwa mia, na kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke kwa joto dogo kuliko chuma safi. Hukifanya pia kivunjike upesi: chungu cha namna hii kikianguka juu ya jiwe chaweza kupasuka kama cha udongo. Mwingereza Abraham Darby alipata hati ya kusubu vyungu katika mchanga mwaka 1707, na tangu hapo vilienea duniani. Afrika Kusini hupendwa vile vya miguu mitatu, visivyohitaji mafiga. Huku kwetu vinavyojulikana zaidi ni vikaango vizito vya chapati.

Sifa yake ni uzito. Huchelewa kupata moto, lakini kikiupata hakiupotezi upesi, na hata chapati ya tano hupikika kama ya kwanza. Adui yake ni kutu. Chombo kipya, au cha zamani kilichosuguliwa kikatakata, hupakwa mafuta ya kupikia membamba sana, yakafutwa kana kwamba yalipakwa kwa makosa, kisha huwekwa juu ya moto mkali hata yaache kutoa moshi. Mafuta hayo hugeuka ngozi ngumu nyeusi. Kazi hiyo hurudiwa mara nne au tano. Wanaomwaga mafuta mengi wakidhani ya kwamba wanafupisha kazi hupata utando wa kunata kama ulimbo. Baada ya kupika, chombo huoshwa upesi, hukaushwa juu ya makaa na kupakwa mafuta kidogo. Hakilali na maji ndani.

Kiko chombo kingine cha kuwapoteza wanunuzi, nacho ni sufuria nzito zilizosubiwa kwa mabaki ya alumini. Kwa macho, zikipakwa masizi, hufanana na chuma. Sumaku ndogo iliyotolewa katika spika mbovu ya redio hutatua shauri: hushika chuma, haishiki alumini. Si jambo la kupuuza, kwa sababu uchunguzi uliofanywa Kamerun na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha ya kwamba sufuria zilizosubiwa kwa mabaki ya alumini zaweza kuingiza madini ya risasi katika chakula. Chuma, kwa upande wake, huacha katika chakula kitu kinachohitajiwa na damu. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa Ethiopia, ambako watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walipungukiwa na damu kidogo kuliko waliopikiwa katika vya alumini. Chakula chenye uchachu huchukua chuma zaidi, nacho huweza kubadilika rangi kikawa cheusi kidogo, jambo ambalo wengine hulikataa kwa macho kabla ya kuonja.

Wapasuaji wakiisha kufika hapa huwa ugali umekwisha na mashine imepoa. Juu ya kuku wamepatana: chungu cha chuma, moto mdogo, kifuniko kizito. Juu ya maharagwe wamepatana pia. Juu ya mrenda, wazee husema ya kwamba haujaumbiwa chombo kingine ila chungu cha udongo na munyu wa majivu, na vijana husema ya kwamba hawajawahi kuwaona wazee hao wakiacha mrenda uliopikwa katika chuma. Shauri hilo halijakatwa.